Hatua Tatu Nyuma ya Mpira

Tarehe 9 Machi.
Leo ni miaka mitatu, miezi minne na siku sita tangu nitoke nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ni ndefu na najua miguu yako inavyovimba jioni. Mama anaendeleaje? Goti linamruhusu kushuka ngazi, au bado mnambeba na kiti kama bibi harusi? Na mpwa wangu, yule mkaidi wangu, yuko darasa la ngapi sasa? Mwambie mjomba anamsalimu, na picha aliyonichora nimeibandika ukutani juu ya kitanda, ingawa wenzangu wanasema yule si mjomba, ni mwiko wenye masikio. Wasalimie na majirani wote, wanaonipenda na wale waliosema sitamaliza mwaka.

Mimi mwili upo. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa kibarua ukinyamaza ujue mwenyewe ameshazikwa. Nakula, nalala kidogo, nafanya kazi.

Barua yako niliipata mwishoni mwa Januari. Nimekaa nayo wiki sita kwenye mfuko wa koti la mvua mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. Usidhani nilikupuuza. Umeniuliza jambo moja tu, na mimi nimelizunguka kama mbwa anavyozunguka mahali anapotaka kulala. Umesema wakwe zako wanatangaza kwamba mume wako alikuwa mlevi, ndiyo maana alianguka mtaroni kazini asubuhi na mapema akafa. Umesema binti yako alirudi kutoka shuleni analia, kwa sababu watoto wanayumbayumba mbele yake wakimwigiza baba yake. Kisha ukaniuliza: mdogo wangu, wewe ndiye uliyekuwa naye, alikuwa amelewa? Na ile alama nyuma ya sikio, ya mviringo, ilitoka wapi?

Nitakujibu. Jibu limo humuhumu, usiruke ukaenda chini kulitafuta. Niache nilifikie kwa miguu, kwa mbio siliwezi.

Chumba chetu unakijua kwa barua za zamani: vitanda vya juu na chini, watu wanne, dirisha moja linalotazama banda la trekta. Kitanda cha shemeji ni kile cha chini yangu. Tangu aondoke, mwaka na miezi saba sasa, wamepewa watu wawili na wote wawili wamekihama. Mmoja, fundi wa rangi, mtu mzima mwenye kifua kama kabati, alisema afadhali alale stoo na mifuko ya mbolea, maana kitanda kile kina baridi hata saa nane mchana. Wenzetu walimcheka wakamwuliza kama anataka kubembelezwa. Mimi sikucheka. Sasa tunaweka juu yake nguo zilizofuliwa, na nguo zenyewe hazikauki.

Kazi yangu sijawahi kukueleza sawasawa. Nilikuwa nakwambia ni kazi ya majani, ukaridhika. Ni uwanja wa gofu. Watu wenye nafasi huja kupiga mpira mdogo, mgumu kama kokoto, kwa fimbo ya chuma, uende mbali mpaka shimoni. Mimi siko kwenye mashimo. Niko kwenye uwanja wa mazoezi, ambapo vituo kumi vimepangwa mstari mmoja juu ya nyasi, na kila mtu anasimama kwenye chake na kapu la mipira. Mbele, upande wa kushoto, kuna bendera nyeupe ya kulenga. Kulia kuna uzio, na chini ya uzio kuna mtaro wa maji. Sisi tunakata majani, tunaokota mipira, na wale wanaojifunza tunawapanga miguu.

Kupanga miguu alinifundisha shemeji. Yeye alijifunza kwa kumtazama mwalimu wa wachezaji wiki moja tu, na ya pili mwalimu akaanza kumtuma yeye. Unamjua alivyokuwa fundi milango. Jicho lake halikuvumilia kitu kilichopinda. Alisema watu wanadhani mchezo huu ni mikono. Mikono inatia sahihi tu, alisema, barua imeshaandikwa na miguu. Akanifundisha kumpanga mtu kuanzia chini kwenda juu. Nyayo ziachane kwa upana wa mabega. Magoti yalegee kidogo, kama ya mtu aliyetaka kukaa akakumbuka kiti kimelowa. Ainame kutoka nyongani, mgongo ubaki mrefu, na mikono ining'inie kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo. Uzito ukae katikati ya unyayo. Halafu vidole vya miguu, magoti, nyonga na mabega, vyote vifuate mstari mmoja.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea, dada. Mstari huo hauelekei bendera. Mpira ndio unaoelekea bendera. Miguu inaelekea kushoto kwake kidogo, kama reli mbili zinazokwenda pamoja bila kugusana. Kwa hiyo tunamlazia mteja kijiti chini mbele ya vidole vyake, apate pa kufuata. Lakini kijiti hulazi ukiwa umesimama ubavuni kwake, maana ukiwa pale jicho linakudanganya. Unaona umenyoosha, kumbe umepeleka kila kitu kulia. Sharti urudi nyuma ya mpira hatua tatu, uchuchumae, utazame kama fundi anavyochungulia ubao. Kila mteja, kila mara. Shemeji alikuwa akisema: ukiona hujui, rudi hatua tatu, ukiona unajua, rudi hatua tatu upesi zaidi.

Nikaijua kazi. Kulikuwa na daktari wa meno, mtu mnene, mpole, mikono laini, ambaye mpira wake ulikuwa ukienda unakopenda wenyewe. Siku moja nilimpanga, akapiga, mpira ukaangukia mguuni pa bendera. Akacheka kama mtoto, akaniita Rula. Jina likaganda. Mpaka msimamizi akaniita Rula, mpaka wapishi. Shemeji peke yake ndiye aliyenitania, akisema ndiyo, ni rula, lakini ile ya shule ya msingi iliyotafunwa upande mmoja. Tulicheka wote. Lakini nikuambie ukweli, mimi niliyeachia darasa la sita, niliyeitwa kila jina la uzembe hapo kwetu, jina lile nililipenda kupita kiasi. Lilinikaa mwilini kama shati jipya.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu yeyote.

Mimi ndiye ninayefika uwanjani wa kwanza asubuhi, kupanga makapu. Umande huwa mwingi, majani yote yanakuwa meupe, na mtu akipita anaacha njia ya kijani kama aliyetembea kwenye unga. Wiki mbili baada ya mwili wa shemeji kusafirishwa nyumbani, nilikuta kwenye kituo cha saba alama za nyayo mbili. Mbili tu, zimeachana kwa upana wa mabega, mguu wa kushoto umefunguka nje kidogo, kama mtu anayejiandaa kupiga. Hakukuwa na njia ya kuja wala ya kuondoka. Nilizunguka kituo kizima. Umande mwingine wote ulikuwa haujaguswa.

Nilizifuta kwa buti. Kesho yake zikawepo. Nilikata majani ya kituo kile mafupi kabisa, zikawepo. Nilimwaga mchanga, na asubuhi mchanga ulikuwa umekandamizwa mahali pawili. Msimamizi alipoona ninavyokihangaikia akaniuliza kama nimeoa kwenye kituo cha saba. Siku za mvua umande haukai na mimi sioni kitu. Ndiyo maana huku wananishangaa, kibarua wa nje anayeombea mvua.

Siku moja nilijikaza. Nikachukua kijiti, nikakilaza mbele ya vidole vya nyayo zile, nikarudi nyuma hatua tatu, nikachuchumaa. Mstari haukwenda kwenye bendera wala kushoto kwake. Ulikwenda kulia, kwenye uzio, pale mtaro unapopinda. Na niliujua. Ulikuwa mstari wangu.

Sikuambii kwamba ni mzimu. Sikusoma kiasi cha kujua ni nini. Nakwambia ninachokiona.

Sasa swali lako, dada. Hapana. Hakuwa amelewa. Pombe hakuigusa siku ile wala siku nyingine yoyote niliyoishi naye huku, na waliotaka kumwonjesha aliwaambia mke wake ana pua kali kuliko polisi. Asubuhi ile aliamka mzima kama ubao mpya. Alikunywa chai, akaimba kwa ile sauti yake ya msumeno, na alipoona soksi zangu hazijakauka akanivulia za kwake. Nilikwenda kazini nimevaa soksi za mume wako.

Trekta dogo la kuokotea mipira, lile lenye kizimba cha waya, lilikuwa limeharibika, tukawa tunaokota kwa mkono. Msimamizi hakutaka kuwazuia wateja. Alisema mwokotaji afuate uzio wa kulia, wateja walenge bendera ya kushoto, na sisi tunaopanga tuhakikishe miguu imekaa inavyotakiwa. Miguu ikiwa sawa hakuna atakayeguswa. Ikawa zamu ya shemeji kuokota. Yeye na mimi tulikuwa na ishara yetu. Akiona kutoka kule mbele kwamba nimemsimamisha mteja vibaya, alinyoosha mkono akausukuma hewani kama mtu anayesogeza pazia, upande ninaotakiwa kumgeuzia. Nikishamgeuza, mimi nilinyanyua mkono juu, maana yake tayari. Akiuona mkono wangu anainama, anaendelea kuokota. Kofia ya chuma hakupewa. Mkono wangu ndio uliokuwa kofia yake.

Daktari wa meno alikuja mapema kabla ya kufungua kliniki yake, akachukua kituo cha saba. Tulikuwa tunacheka habari ya jino la msimamizi, ambalo daktari alisema liling'ang'ania kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nikamlazia kijiti palepale nilipokuwa nimesimama, ubavuni. Sikurudi nyuma hatua tatu. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na haraka. Niliona najua.

Shemeji kule kwenye uzio akanyoosha mkono, akausukuma kushoto.

Nilimwona, dada. Usije ukasikia kwa mtu mwingine kwamba sikumwona. Akausukuma tena. Daktari akaniuliza mwenzangu anataka nini, nikamjibu anatusalimia. Moyoni nilikuwa nasema, kila siku ananisahihisha mbele za watu, siku zote mimi ni mdogo wa mke wake, siku zote ni rula iliyotafunwa. Kijiti sikukigusa. Nikanyanyua mkono juu. Tayari.

Akauona mkono wangu, akainama.

Daktari akapiga. Sauti ya mpira ulipompata nyuma ya sikio ilikuwa ndogo, kama mlango wa kabati unapofungwa. Daktari hakuona, maana tulimfundisha asinyanyue kichwa mapema. Aliniuliza mpira umekwenda wapi, nikasema umekwenda vizuri, daktari. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Kisha nikakisukuma kijiti kwa ncha ya buti, nikakipeleka kushoto mahali pake, nikamwekea mpira mwingine. Ule ukaenda kwenye bendera. Akafurahi. Nikamwekea wa tatu, na wa nne. Nilikuwa najiambia shemeji yumo mtaroni anatafuta iliyozama, na mtu aliyeinama lazima atanyanyuka. Kwenye mpira wa nne nikaacha kujidanganya, nikakimbia.

Alikuwa amelala nusu ndani ya mtaro. Kapu lilikuwa limesimama pembeni yake, hakuna hata mpira mmoja uliomwagika. Unajua alivyokuwa akiweka vitu. Alikuwa anapumua. Tulimpakia kwenye gari la msimamizi, kichwa chake mapajani kwangu. Njiani alifungua macho akanitazama, akaniuliza neno moja, kwa ile sauti yake ya karakana, bila ukali. Aliniuliza: ulirudi nyuma?

Nikamjibu: nilirudi, shemeji.

Akasema: haya. Alikata roho kabla hatujafika kwenye geti la hospitali, akiwa ameniamini, au akiwa amejua na kunisitiri. Ndilo linalonikalia kifuani mpaka leo. Haya yake unaijua wewe kuliko mimi, ulilala nayo miaka kumi na moja. Mimi nimeshindwa kuisoma.

Ofisini, msimamizi aliandika kwamba aliteleza akaangukia jiwe. Akanitazama, akauliza kama jana yake alikuwa amekunywa. Nilinyamaza. Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo yatatoka mengine. Akachukua kimya changu akaandika huenda. Nikatia sahihi. Neno hilo moja, huenda, ndilo lililosafiri na jeneza mpaka kwa wakwe zako, likaingia shuleni, likamliza mpwa wangu. Mimi ndimi niliyelituma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu yamewaumbua nyinyi, nami huku naendelea kuitwa Rula.

Wiki iliyopita nilimwambia daktari. Siku hizi anapiga mara mojamoja, na kituo cha saba hakikaribii, anasema kina jua baya. Nilimweleza yote tukiwa kwenye benchi la makapu. Akasema sauti ile aliisikia, na muda wote huu amekuwa akijiambia ni nguzo ya uzio. Hakunitukana. Aliniuliza marehemu ana watoto, nikasema ana mmoja, wa kike, mkaidi. Akalia, mtu mzima yule, na fimbo yake mkononi. Kisha akachukua kalamu akaniandikia karatasi hii iliyomo ndani ya bahasha, kwa kuwa mwandiko wangu hauheshimiki, na tukaitia sahihi wote wawili. Isome mbele ya wakwe zako, pole pole, mara mbili. Mpelekee na mwalimu mkuu.

Nakala nimempa msimamizi. Aliisoma, akasema, Rula, leo umejivunja mwenyewe vipande viwili, na ukiitwa huko wanakouliza maswali usinitaje. Nikamwambia jina lake limo kwenye mstari wa tatu. Tangu siku hiyo hatusalimiani. Wakija kuniuliza nitawajibu kama nilivyokujibu wewe.

Nilidhani nikishasema, nyayo zitaondoka. Leo asubuhi nilikwenda kutazama kabla ya kumalizia barua hii. Zilikuwepo. Sikuzifuta. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikachuchumaa pale kwenye umande mpaka jua likazikausha. Nadhani nitafanya hivyo kila siku niliyobakiza.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Karatasi haina uso. Nimekuandikia ili ujue kabla hujaniona, usije ukanikumbatia bila kujua unayemkumbatia.

Mwambie mama nimekoma kuvuta sigara, hilo angalau litamfurahisha. Hayo mengine utaamua wewe kama aelezwe. Mpwa wangu mwambie baba yake alikuwa mtu aliyenyooka kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na siku ya mwisho alikuwa anajaribu kuninyoosha mimi. Soksi zake ninazo. Nimezifua, nitakuja nazo.

Mkataba wangu unakwisha tarehe thelathini Juni. Safari ni ya siku tatu, kwa hiyo wasiponizuia nitafika nyumbani tarehe tatu Julai, asubuhi. Sitabisha hodi. Mlango ule aliutengeneza yeye na sioni mkono wangu utaugusaje. Nitaweka begi chini, nitarudi hatua tatu kutoka mlangoni, nisimame, na nitangoja hapo mpaka uufungue, au uniambie kupitia dirishani niende zangu.

Ni mimi, mdogo wako.